Mtoto Niliyemjibia Getini

Mwanangu, nilipokuwa kijana nilimtia mtoto wa watu mikononi mwa askari waliokuwa wakiua, wala sikulazimishwa. Nilijibu swali tu, tena kwa nia njema.

Nakusimulia kwa sababu juzi nilipita kijiweni hapa Bigwa, nikawasikia mkiulizana yule mama mpangaji mpya ni wa kabila gani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kila swali lijibiwe.

Wakati huo nilikuwa dereva wa hospitali ya misheni katika nchi jirani, ng'ambo ya ziwa. Jeshi la watu wa milimani liliuteka mji, likaanza kuwaua watu wa bondeni nyumba kwa nyumba. Walionusurika walikimbilia kwetu, wakajaa wodini, jikoni, hadi chumba cha maiti. Sisi wageni tuliambiwa tuondoke. Wengi waliondoka, na siwalaumu; roho ni tamu. Tulibaki watatu: Sista mkuu, aliyekuwa bibi wa Kizungu mwenye miguu iliyovimba; Mzee Shomari, mtunza stoo, Mnyamwezi; na mimi, Mluguru wa Mgeta. Askari wale walikuwa bado wanaogopa kumuua mgeni, kwa hiyo Sista alituweka getini tuwe ukuta.

"Wakiuliza habari za mtu yeyote," alituagiza, "semeni ni mgonjwa wetu. Basi."

Asubuhi ya tatu alikuja ofisa mmoja na gari. Wakati huo Adela, msichana wa miaka sita hivi ambaye mama yake alikuwa amelazwa ndani, alikuwa ameniletea uji. Ofisa akamtazama, akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia:

"Huyu ni wa wapi?"

Unajua kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Hilo hatulifikirii, tumezaliwa nalo. Mama yake Adela alikuwa wa milimani, aliolewa bondeni. Nikaona nimepata ngao nzuri kuliko ya Sista.

"Wa kwenu, afande. Mama yake ni wa milimani."

"Kwetu mtoto ni wa baba," akasema. "Baba yako anaitwa nani, binti?"

Adela alikuwa amefunzwa adabu. Akamtaja. Lilikuwa jina la bondeni.

Mzee Shomari akajitupa katikati, akicheka kicheko kikubwa. "Afande, huyo ni mtani wangu, Mluguru! Usimsikilize. Kwao hata akizaa mwenyewe, ukimuuliza mtoto wa nani, atakwambia kamuulize mjomba!"

Askari walicheka kweli. Ofisa hakucheka. Sista alikuwa amefika akichechemea.

"Huyu ni mgonjwa wangu," akasema.

"Dereva wako hakusema mgonjwa, Sista. Amesema ana kwao. Basi tunampeleka kwao."

Wakampakia. Sista alisimama mbele ya gari, wakamzunguka kama jiwe la njiani. Kikombe cha uji kilibaki mkononi mwangu.

Nilipoanza kulia, Mzee Shomari alinishika bega. Hakunikaripia. "Mtani, mimi na wewe tumekuwa wajanja. Yule bibi si mjanja, na ndiyo maana wengine wako hai. Getini hukuwekwa ujibu. Uliwekwa uzibe."

Siku zote zilizobaki nilisema maneno mawili tu, mgonjwa wetu, hata kwa mzee aliyekuwa mzima kama chuma. Jeshi lilipoondoka, wote waliokuwa ndani walitoka kwa miguu yao au kwa machela. Mama yake Adela pia alipona. Hakuniuliza kitu. Laiti angeniuliza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Anayewachambua watu kama mchele, usimshikie ungo, hata kama unadhani unamsaidia mmoja apone. Usimtafutie jirani yako ukoo ulio salama. Mwambie ni jirani yako, kisha usimame hapo. Na mkikutana tena kijiweni, yule mama mpangaji mpeni shikamoo, yatosha.

Mungu akujalie ulimi mzito siku ya kuulizwa, na miguu isiyobanduka.

Mwaka jana niliwaandikia wanaoiendesha hospitali ile sasa. Walinijibu kwa heshima: jina la Adela halimo katika orodha ya waliozikwa, wala ya waliorudi.