Daftari la Ng'ambo na Daftari la Kwetu

Nilizaa wasichana watatu, na kila mmoja alisomea karatasi ya aina yake. Miaka sikuiandika popote. Naihesabu kwa madaftari yao.

Kifungua mimba alikuwa shuleni mwaka ule wa vita. Daftari alipewa bure, jepesi, rangi ya maziwa yaliyolala. Vita vilipokwisha, wanawake wa Uganda walivuka mto Kagera kuja kwetu Kaisho, wakiomba hata madaftari ya zamani, mradi upande mmoja uwe mweupe. Wapo waliowapa. Mimi niliringa, nasema kweli.

Kisha mambo yakageuka. Binti wa kati alipofika darasa la saba, maduka yetu yalikuwa yamepangwa maboksi matupu, ili rafu zisionekane uchi. Mwalimu akatangaza: asiye na daftari Jumatatu asije. Simlaumu, hata yeye hakuwa na karatasi. Lakini baba zake wadogo walikwisha kuanza kumtaja mtoto kwa watu wenye ng'ombe. Nilijua akikaa nyumbani muhula mmoja tu, ataolewa.

Jumamosi alfajiri nilijitwika kikapu cha maharage nikateremka mtoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mafunjo yakionekana vichwa tu. Mwenye mtumbwi sikumwona uso mpaka aliponishika mkono nipande. Hata leo naota ule ukungu. Nimo ndani yake na maharage yangu, naelea, sifiki.

Sokoni ng'ambo, mama mmoja alikuwa ametandaza madaftari chini, majalada mekundu. Nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa pembe ya karatasi. Karatasi mbaya huyeyuka.

"Nyabo, hilo ni daftari, si chumvi," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Halionjwi."

"Nyinyi mlikuja kwetu kuomba yaliyokwisha andikwa."

"Tulikuja. Leo umekuja wewe. Shusha maharage."

Nikashusha. Akanipa mawili. Akanitazama, akaongeza la tatu, dogo. "Hili la kufungia mdomo wako."

Nikacheka bila kupenda.

Wakati ule kuvusha vitu ilikuwa kosa, na mgambo walikaa ufukoni kwetu. Nikayafunga madaftari tumboni, juu yake nikajifunga kitenge. Mtumbwi ulipogusa nchi kavu, mgambo mmoja akasogea.

"Shikamoo mama. Kikapu kitupu, umetoka wapi?"

"Marahaba. Kumsalimia dada yangu. Nilimpelekea maharage."

Akatazama chini. "Na hilo tumbo?"

"Kamuulize mume wangu."

Wenzake wakamcheka, akanipisha.

Nyumbani nilipofungua kitenge, jasho lilikuwa limeyalowesha, na tumbo langu lilikuwa jekundu kama nimechinja. Binti akayapokea. Aliyafunua karatasi moja moja, akayatundika juu ya jiko. Usiku nilikuwa nikiamka nayaona yakipumua kwenye moshi, meupe, kama popo waliogeuka rangi.

"Mawe, yananuka moshi," akaniambia Jumatatu; mawe kwa lugha yetu ni mama.

"Moshi hausomwi. Nenda."

Akaketi darasani. Ili yale matatu yamfikishe kwenye mtihani, aliandika mistari miwili mahali pa mmoja, herufi ndogo mpaka mwalimu akalalamika. Akafaulu. Wenye ng'ombe wakatafuta kwingine.

Kitinda mimba alipoanza shule, karatasi za kiwanda cha kusini zilikuwa zimefika mpaka kwetu. Ngumu, ukizifunua zinalia kama jani kavu la mgomba. Wa ng'ambo wakavuka tena kuzifuata, wakaondoka na marobota kichwani, wakizama mmoja mmoja ndani ya ukungu. Safari hii sikuringa. Niliwakaribisha maji ya kunywa.

Yule wa kati sasa ni mwalimu, mbali. Nilimpelekea robota zima la karatasi za kwetu, na maneno: zipo nyingi, andika makubwa, macho yangu yamechoka. Majibu yakaja. Karatasi moja, mbele na nyuma, herufi kama mbegu za mchicha. Mkono umezoea, mama, ameandika. Nilitoa kigoda nje juani, nikaisoma nusu siku.