Mama mkwe anasema nimeuza mtoto wake kwa asiransi

Admin, nifiche kabisa, maana ukoo wa mume wangu wote wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 36, niko Bunia, nauza vitenge kule Shari. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mbao njia ya Marabo. Tuna watoto wanne.

Mwaka jana dereva mwenzake alikufa, na mjane akafukuzwa nyumbani pamoja na watoto kabla hata matanga hayajaisha. Mume wangu aliumia sana. Ni yeye, si mimi, aliyeleta wazo la asiransi, yaani bima ya maisha. Tulienda ofisini wote wawili, tukasaini karatasi mbili: kwenye yake kuna jina langu, kwenye yangu kuna jina lake. Siku hiyo nilipumua.

Miezi minne baadaye miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akasema ni moyo. Sasa yuko hospitali wiki ya tatu. Wifi yangu alikuja nyumbani kuchukua fishi, kadi yake ya matibabu, akakuta ile karatasi, akamsomea mama mkwe. Imeandikwa kwa Kifaransa, "bénéficiaire", yaani mtu atakayelipwa, kisha jina langu. Jamani, neno hilo! Sokoni kwetu benefisi ni kile unachobaki nacho ukishauza mali. Mama mkwe ameuza maziwa tangu ujana wake, hakuhitaji maelezo zaidi. Alinikuta kando ya kitanda cha mume wangu, akapaza sauti mbele ya wagonjwa wote:

"Kama hauyauzisha kitu, benefisi inatoka wapi? Uliuzisha mutoto yangu!"

Nakiri nilijibu kwa hasira. "Mama, na yeye jina yake iko kwa karatasi yangu. Basi na yeye aliniuzisha?"

"Weye uko muzima," akasema. "Nani iko analala hapa?"

Mume wangu akageukia ukutani.

Familia wakakaa kikao, wakaamua niipasue karatasi mbele yao Jumapili. Nikakimbia kwa yule agenti wa asiransi aliyetusainisha. Akaniambia, "Mama, kupasua karatasi haiue kontra. Njo papa mwenyewe anaweza badirisha jina." Yaani mkataba unabaki, na mume wangu tu ndiye wa kubadilisha jina; akanipa na fomu ya kubadilishia. Mimi mjinga nikawaeleza wakwe vilevile, nikidhani wataelewa. Sasa wanataka Jumapili hiyohiyo mume wangu aandike jina la mama yake. Jina langu likitoka, watoto wangu watatupwa nje kama wale wa yule dereva. Nikikataa, nitakuwa nimewaonyesha kwamba kweli nangoja afe.

Maneno ya wakwe ningeyavumilia. Lakini jana mchana nilimpelekea mume wangu uji. Akaushika, akautazama, hakunywa. Akasema polepole, "Onja kwanza weye."

Miaka kumi na minne ninampikia huyu mwanaume! Nikaonja. Alikuwa anatazama koo langu kama kweli ninameza. Ndipo akanywa. Nililia kwenye choo cha hospitali mpaka mlinzi akagonga mlango.

Ndugu zangu, ile fomu iko kwenye mkoba wangu, inangoja sahihi yake tu, na Jumapili ni kesho kutwa. Nimpe asaini ili aache kuniogopa, au niifiche kwa ajili ya watoto? Nisaidieni mawazo, mimi yangu yameisha.