Nilimdanganya Muuza Maikrofoni Kwamba Nina Chumba Kimya

Ndugu zangu wasomaji, kosa ni langu. Msimlaumu muuza duka, msimlaumu mke wangu, na kwa heshima zote msimlaumu mama mkwe. Aliyesema uongo ni mimi, kwa mdomo huu huu unaojidai unajua kuimba!

Jina langu nalificha. Hata hivyo, aliyekuwapo Urambo siku ile ananijua, na nadhani bado anacheka.

Mimi na wenzangu watatu tuna kikundi cha kuimba hapa Cheyo, Tabora. Afisa Utamaduni alitangaza kwamba wanaotaka kuimba mbele ya wageni siku ya kufungua ununuzi wa tumbaku Urambo, wampelekee kwanza wimbo kwenye kaseti. Redio kaseti ninayo, lakini maikrofoni yake ilishakufa zamani.

Nikaenda dukani kwa mzee mmoja Mwarabu, ambaye hata babu zake wamezikwa hapa hapa Tabora. Akaniwekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza nzito na ghali, ukitaka ikusikie lazima karibu uibusu. Ya pili nyembamba, ya kondensa, ina kibetri tumboni, na bei yake ni nusu kwa kuwa imeshatumika.

"Hii ya rahisi inasikia kila kitu," alinionya. "Usifuate bei, mwanangu. Hii inataka chumba kimya. Unacho?"

"Ninacho, mzee." Nikalipia ile ya rahisi, nikaondoka nayo.

Jamani! Nyumba yangu ni bati tupu bila dari, kuta za vyumba zimeishia njiani hazikufika juu, na jirani yangu ni fundi wa kugonga ndoo na makarai. Chumba kimya nilikitoa wapi?

Wiki ile ile mama mkwe akaja kutoka Bukene. Miaka mitatu tangu nioe hakuwahi kukanyaga kwangu. Hakutaka kabisa binti yake aolewe na mwimbaji, wajomba ndio waliomshinda. Sasa alikuja kuangalia kama nimekuwa mtu. Mke wangu alifurahi mpaka akapaka nyumba chokaa.

"Usiniharibie," aliniambia. "Siku hizi chache tu, mume wangu, tulia."

Siku ya kurekodi nilijitahidi. Nilimwomba fundi apumzishe nyundo, kuku nikawafungia mbali, watoto nikawapeleka kwa shangazi yao. Baada ya chakula cha mchana mama mkwe akaingia chumba cha pili kujinyoosha. Tukaanza kuimba.

Naye akaanza kukoroma!

Mlitaka nifanye nini? Mkwe mzima nimgongee mlango, nimwambie mama, unakoroma? Afadhali nimeze betri! Nikawaashiria wenzangu wapaze sauti, nikijipa moyo kwamba ukuta upo. Kaseti ilipojaa tukaipeleka mbio, hata kuisikiliza hatukuisikiliza.

Siku mbili baadaye Afisa akaja mwenyewe na baiskeli, jasho linamtoka. Bahati nzuri mama mkwe alikuwa sokoni. Afisa akaitia kaseti kwenye redio yangu.

"Hicho chombo cha chini, kinachonguruma halafu kinapumua, ni kitu gani?" akauliza. "Hii ndiyo asili yetu! Wenzenu wote wameniletea magitaa tu."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Lakini sifa, ndugu zangu, sifa! Nikajibu, "Ni chombo cha ukweni, ndugu Afisa. Cha Bukene. Nakipiga mwenyewe."

"Njoo nacho Urambo!"

Alipoondoka, mke wangu akatoka nyuma ya pazia. "Yule si mama yule?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha ghafla. "Akijua, hatakanyaga hapa tena. Nenda kwa Afisa ukaseme."

Nikasema nitakwenda kesho. Sikwenda.

Badala yake nilihangaika kuutafuta mlio ule. Nilipuliza chupa, nikakwaruza debe. Mwisho nikalala mkekani nikakoroma mwenyewe ndani ya mtungi, mpaka fundi jirani akaja kuuliza mgonjwa ni nani.

Tukapanda treni kwenda Urambo. Mama mkwe naye alikuja, na kitenge kipya. Njia nzima aliwaambia abiria, "Huyu ni mkwe wangu, anakwenda kuimbia wageni." Wallahi, niliposikia hivyo nilitamani kushuka treni ikiwa mbioni!

Jukwaani nikakoroma mtungini. Watu wakatazamana.

"Siyo hivyo!" Afisa akanong'ona. Nikarudia, ikawa mbaya zaidi. Basi akashika kipaza sauti akawaambia watu, "Ameshikwa na woga tu. Sikilizeni chombo chenyewe!" Akaiweka ile kaseti.

Usingizi wa mama mkwe ukatanda uwanja mzima.

Mama mkwe akasimama. "Zimeni hiyo! Pua hiyo naijua. Marehemu mume wangu aliilalamikia mpaka anaingia kaburini." Akanigeukia. "Umenirekodi nimelala, mkwe? Halafu unawaambia watu mimi ni chombo?"

Watu walianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Na katika wimbo wenu wote huo," akamalizia, "anayefuata mapigo sawasawa ni mimi peke yangu."

Ni kweli. Nimeusikiliza tena, ni kweli kabisa!

Kesho yake alikwenda zake Bukene. Mke wangu akabeba watoto akamfuata kumbembeleza. "Akitulia nitarudi," alisema. Huu ni mwezi wa pili sasa, hajarudi.

Wenzangu mnaotaka kurekodi nyumbani, nawasihi! Kabla hamjanunua maikrofoni, kaeni kwanza muisikilize nyumba yenu. Muuzaji akikuuliza una chumba kimya, mjibu ukweli, na kosa likishatokea liseme siku ile ile. Mimi chumba kimya ninacho sasa, na sikitaki!