Makopo ya Babu wa Chini

Siki haiingii jikoni kwangu. Wiki iliyopita mwanangu alirudi na chipsi alizozimwagia siki mpaka zikalowa, akazifungua mezani, nikajikuta nimesimama nje kwenye theluji bila koti, hapa Pickering, ughaibuni, katikati ya Januari. Aliniuliza nina nini. Nilimwambia kichwa kinauma. Wewe nitakwambia ukweli.

Nilikulia Malvern, si mbali na hapa, katika nyumba ya kupanga. Mama alikuwa nesi na zamu zake hazikutabirika, kwa hiyo aliyenilea ni bibi, aliyeletwa kutoka Tanga na hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Chini yetu, kwenye besmenti, aliishi mzee wa Kihindi, baba wa mwenye nyumba. Tulimwita babu wa chini. Ujanani alikuwa mtengenezaji wa sinema za Kitelugu, lugha ya kwao, miongoni mwa wa kwanza kuitoa kamera studio na kuipeleka vijijini. Alianza kwa kuchora mabango ya maigizo. Alipotaka kupiga filamu yake ya kwanza hakupata mwanamke wa heshima aliyekubali kusimama mbele ya kamera, basi akamsimamisha mkewe. Ndugu za mke wakawatenga wote wawili. Filamu ikatembezwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, watu wakaketi mashambani kuitazama.

Nilipomjua, mkewe alikuwa ameshafariki. Filamu ile ilibaki nakala moja tu duniani, ndani ya makopo sita ya bati, katika chumba kidogo cha baridi chini ya ngazi za mlango wa mbele, pale wengine wanapoweka viazi. Makopo yalinuka siki. Filamu za zamani zikianza kuoza hutoa harufu hiyo, alinieleza, na zikipata joto zinakwisha upesi.

"Baridi ya nchi hii ndiyo pekee iliyonipokea vizuri, amma," alisema. Amma ni mama. Ndivyo wazee wa kwao wanavyowaita wasichana wadogo. Alikuwa akingoja watu wa jumba la kuhifadhi filamu waje theluji ikiisha, wainakili kabla haijafa.

Mara moja tu alinionyesha. Kwanza alivunja nazi mbele ya projekta, kama walivyokuwa wakivunja mbele ya kamera kuomba baraka kabla ya kuanza kazi, akainusa kwa muda mrefu kuhakikisha ni nzima. Kisha ukutani akatokea mwanamke anateka maji kisimani, anaimba. Mzee hakutazama ukuta. Alinitazama mimi, kuona kama nimeona. Ile nazi bibi aliipikia wali, akampelekea sahani.

Lakini majira yale ya baridi harufu ilianza kupanda. Mwanzo kwenye ngazi, halafu koridoni, mwishowe ndani ya kabati langu la nguo. Shuleni wakanibandika jina la Chipsi, na kwenye basi hakuna aliyetaka kukaa nami. Niliichukia harufu ile. Na kila nilipopita mlango wa kile chumba niliingiwa na woga, kama mtu anayejua atafanya jambo baya ila bado hajajua ni lipi.

Babu wa chini akaugua mapafu, akalazwa wiki tatu. Bibi akashuka kumfanyia usafi, akakuta makopo yametota kwa unyevu. Kwao Tanga kitu kikianza kuchacha huanikwa. Jua hapakuwa, basi akayabeba moja moja, akayapanga kando ya tanuru linalopasha nyumba joto, akalegeza vifuniko yapate hewa.

"Yatakauka tu, harufu itaisha," aliniambia. "Au mwenyewe alisema vingine?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Neno la mzee halikumfikia bibi ila kwa mdomo wangu. Nikamjibu hapana, hakusema kitu. Natamani ningeweza kusema nilisahau. Sikusahau.

Wiki tatu nilisikia tanuru likiwaka na kuzimika chini ya miguu yangu. Harufu haikuisha. Ilizidi, ikawa kali hadi macho yakawasha, na bibi akasema ndiyo inatoka hiyo.

Mzee aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha baridi, kisha tukasikia hatua zake zikisimama penye tanuru. Tukashuka. Alifungua kopo la kwanza. Utepe ulikuwa umegandana pande moja kama halua, na alipouvuta ukamkatikia mkononi. La pili hakulifungua. Bibi alisimama pale na kanga yake safi, uso umejaa furaha.

"Mwambie nimemtunzia," alisema.

Nikamwambia. Mzee alinitazama mimi, si bibi, alinitazama vile vile kama siku ile ya ukutani. Kisha akaunganisha viganja, akamwinamia bibi.

"Mwambie ahsante, amma."

Nikatafsiri na hilo pia.

Mzee alifariki kabla theluji haijayeyuka. Bibi alimlilia, na mpaka naye anafariki, miaka mingi baadaye, aliamini alimtendea jirani wema. Sikuwahi kumwambia. Naona aibu hadi leo.

Yule mwanamke sasa amebaki kwangu peke yangu. Nikiosha vyombo najaribu kuimba wimbo wake. Mwaka juzi nilikuwa bado naukumbuka mpaka pale anapojitwika mtungi na kuondoka. Siku hizi naishia kisimani.