Nilikata Sikio la Mbuzi wa Akika, Nikamsingizia Punda

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, ili usije ukatafuta mwengine wa kumlaumu. Mkasi nilikuwa nao mimi, na ulimi ulikuwa wangu.

Mimi ni fundi saa hapa Mjini, mtu mzima wa arubaini na ushei. Skuli niliiacha mapema, lakini kusoma sikuacha. Nilipogaiwa eka tatu upande wa Mwera, baada ya Mapinduzi, nilijiambia kwamba nitafuga kama ninavyotengeneza saa: kwa utaratibu, kila kitu mahali pake. Siku za kazi nilikuwa dukani. Jumamosi alasiri nikipanda baiskeli kwenda shamba, Jumapili jioni nikirudi Mjini, nyumbani Malindi.

Siku nyengine zote mbuzi wangu saba walikuwa mikononi mwa jirani yangu wa shamba, Bi Kazija, mjane mwenye umri wa mama yangu. Akiwatoa asubuhi pamoja na wake watano, akiwarudisha jioni, na maziwa ya katikati ya wiki yakawa yake. Aliniita mwanangu. Huyu ndiye niliyemkosea! Si adui, si mgeni. Huyu!

Masika ile mbuzi wetu walidhoofu. Manyoya yalisimama, matumbo yalining'inia, na ukiwafunua midomo ufizi mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Minyoo. Nilikuwa na kitabu cha ufugaji cha Kiingereza, nilichokinunua kwenye mnada wa vitu vya nyumba moja ambayo wenyewe walikuwa wanasafiri. Nikakisoma na kamusi pembeni, polepole, mpaka nikakielewa. Dawa yake ilikuwa mrututu, yale mawe ya buluu, uliosagwa na kuchanganywa na maji. Nilikwenda kwa bwana mifugo nikamuuliza kipimo. Akanipa, na akanionya: mbuzi mmoja akinyweshwa mara mbili kwa kusahau, hiyo si dawa tena, ni sumu.

Sasa nitamjuaje aliyekwisha kunywa na ambaye bado? Mbuzi wanafanana, nami naonana nao mara moja kwa wiki. Niliwapaka chokaa mgongoni, mvua ikaiosha. Nikawafunga vitambaa shingoni, wakatafuniana vitambaa! Nikarudi kwenye kitabu. Mlikuwa na picha ya sikio la kondoo lililokatwa pengo dogo ukingoni. Nikafurahi kama mtoto. Alama isiyofutika wala kulika!

Basi nikachukua mkasi wangu mdogo wa kukatia vibati vya saa, nikauosha kwa spiriti, nikaanza. Kila aliyekunywa dawa nilimkata pengo la pembe tatu, sikio la kushoto, dogo na safi. Wangu wote saba, na wanne wa Bi Kazija, kwa ruhusa yake.

Wawili walibaki. Mmoja ni wa Makame, jirani yetu wa upande wa pili, anayechukuza nazi na kuni kwa punda wake. Alikuwa na beberu mmoja tu, mwekundu. Makame alinikatalia katakata, kwa sababu siku moja nilimwambia banda lake linanuka.

"Yakhe, wewe tibu saa," alinambia. "Mbuzi wangu hajasimama, anakwenda."

Wa pili ni Pamba, beberu mweupe wa Bi Kazija.

"Hawa wengine wote watie dawa, mwanangu," alisema. "Pamba muache. Huyo ana mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mjukuu wake. Binti yake anayekaa Jang'ombe alikuwa amejaaliwa mtoto wa kiume baada ya miaka mingi ya kungoja. Akika ya mtoto wa kiume huchinjwa mbuzi wawili: baba alikwishapata mmoja, na wa pili ni Pamba, aliyelelewa na bibi kwa mkono wake, majani akichumiwa, maji akitekewa. Bi Kazija alinieleza yote haya. Nilisikia. Sikuwa kiziwi!

Lakini kitabu kilisema kwamba mnyama mmoja asiyetibiwa huwarudishia wote minyoo. Jumapili moja Bi Kazija alikwenda Jang'ombe kumtazama binti yake mzazi. Nikamshika Pamba. Nikamfunua ufizi: mweupe. Nikamnywesha. Na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, nikachukua mkasi.

Pamba hakuzoea kushikwa na mtu mwengine. Alirusha kichwa, mkasi ukateleza, na badala ya pengo langu safi kikaondoka kipande kikubwa kama ukucha wa dole gumba, kingo zake zimechanikachanika.

Kipande kilipoanguka ndipo masomo ya chuo cha Kurani cha utotoni yaliponirudia. Mbuzi wa akika ni kama mbuzi wa kuchinja Idi. Asiwe chongo, asiwe anachechemea, asiwe mgonjwa, asiwe mkondefu. Hayo manne sikuwa nimeyasahau hata siku moja. Na asiwe amekatika sikio! Hilo la tano lilinijia nikiwa nimelishika sikio lenyewe mkononi.

Ningeweza kukaa pale nikamngoja Bi Kazija nikamwambia. Sikufanya hivyo. Niliosha damu kwa maji ya chumvi, nikajishughulisha na kufagia banda ambalo nilikuwa nimeshalifagia.

Alirudi alasiri. Hata buibui hajavua.

"Fundi! Njoo! Pamba kafanywa nini?"

"Amefanyaje, Bi Kazija?"

"Sikio! Tazama! Kipande hakipo!"

Nikatazama, kana kwamba ni mara ya kwanza. Punda wa Makame alikuwa akila majani upande wa pili wa ua.

"Labda punda," nikasema. "Alikuwa akizungukazunguka hapa."

Kuzunguka alizunguka kweli. Ndiyo maana neno lilinitoka kwa urahisi.

Bi Kazija akajifunga kanga kiunoni juu ya buibui lake na kuvuka ua. Niliyasikia yote nikiwa nyuma ya banda.

"Makame! Makame wee! Toka na huyo mla nyama wako!"

"Mla nyama gani? Punda huyu hata dagaa hamjui!"

"Kamla mjukuu wangu sikio!"

"Lahaula! Mjukuu?"

"Mbuzi wa mjukuu!"

"Aa, sema hivyo! Nshakufa nusu hapa!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka nimejiziba mdomo kwa ufagio.

Jumamosi iliyofuata kicheko kilinikauka. Nilimkuta Makame njiani na punda wake, na punda amevishwa mdomoni kikapu kidogo cha kamba za makumbi ya nazi. Watoto walikuwa nyuma yao wakiimba: "Punda simba! Punda simba!" Makame alitembea ameinamisha kichwa. Yeye, anayesalimia hata minazi! Nikapiga kengele ya baiskeli, nikapita kama simjui.

Niliporudi Malindi nilimweleza mke wangu, Zuhura. Alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Umemsingizia punda?"

"Nilisema labda."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akauacha mwiko ndani ya sufuria na kunigeukia.

"Nenda kaseme," alinambia.

"Nitasema Jumapili ijayo."

"Na akika lini?"

"Jumapili ijayo."

"Basi utalisemea wapi, kwenye sinia la pilau?"

Nikaenda Jumamosi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu kama ninavyopanga skrubu za saa juu ya meza: hili kwanza, hili la pili. Nilipofika, nikamkuta Maalim Haji, anayesomesha watoto pale kijijini, amekaa barazani kwa Bi Kazija. Pamba yuko baina ya magoti yake, sikio liko baina ya vidole vyake. Makame amesimama kando.

"Lingekuwa limepasuka tu, tungesema anafaa," Maalim alisema. "Hili limepungua. Huyu hafai kwa akika, Bi Kazija. Tafuta mwengine."

"Mwengine yupi? Wangu wote Fundi kawatia alama."

"Alama gani?"

Akaletewa mmoja. Akatazama sikio. Akaletewa wa pili, wa tatu. Akawatazama na wangu. Kila sikio alilolishika lilikuwa na pengo la pembe tatu.

"Subhanallah," alisema Maalim. "Hapa pana ugonjwa wa masikio."

Hakuna aliyecheka. Bi Kazija alikaa chini. Mwanamke ambaye akiita mbuzi hapa husikika mtoni, alisema kwa sauti ndogo kabisa: "Wageni wanakuja kesho. Nimemlea kwa ajili yake."

Nikaanza kuyapanga maneno yangu upya. Makame akanitangulia. Alivuka ua na kurudi akimvuta beberu wake mwekundu kwa kamba.

"Bi Kazija," alisema, "mimi siamini kama punda wangu kafanya hivi. Lakini mnyama wangu keshatajwa, na mimi ndiye bwana wake. Mchukue huyu. Mtoto asikose akika kwa ajili yangu."

Alikuwa anatoa mbuzi wake wa pekee kwa kulipia kosa langu! Zile skrubu zote zilitawanyika chini.

"Si punda," nikasema. "Ni mimi."

Makame alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye uliyemng'ata?"

"Nilimkata! Kwa mkasi. Nilimtia dawa bila ya ruhusa, nikamtia alama, mkono ukateleza."

"Na punda je?"

"Punda alikuwa anakula majani."

Halafu Makame akakaa chini palepale na kuanza kucheka. Alicheka mpaka akaiachia kamba ya mbuzi. "Siku zote hizi! Nimemsukia kikapu! Nimemkemea kila asubuhi, namwambia tubu wewe mnyama!" Maalim Haji alivua kofia yake akajifunika nayo uso, mabega yanamtikisika.

Bi Kazija hakucheka. Alisimama, akanijia, akalishika sikio langu la kushoto na kulisokota. Mtu mzima mimi, mvi kichwani!

"Hili nilitie pengo?" aliuliza. "Nikikuona Jumamosi nijue kuwa huyu keshatubu?"

"Litie, Bi Kazija."

Akalisokota tena kidogo, kisha akaliachia, na hapo mdomo wake ukaanza kumcheza. Akacheka naye.

Maalim alimfunua mdomo yule beberu mwekundu: meno ameshabadilisha, umri umetimia. Akamkagua macho, miguu, na masikio mawili mazima. Anafaa. Mimi nikamtoa mbuzi wangu bora wa maziwa, mwenye mimba juu yake, nikampa Makame kamba yake mkononi. Makame akalitazama lile pengo.

"Sikio kasoro," alisema. "Lakini maziwa hayatoki sikioni."

Kisha akanitaka nimvue punda kikapu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamvua. Punda akaunyakua mkono wa shati yangu akauchana mpaka kwenye kiwiko.

"Hapo ndiyo tutasema punda!" Makame alipiga kelele. "Na mashahidi tupo!"

Kesho yake wageni walikuja kutoka Jang'ombe, na Zuhura alikuja nao. Nyama ya akika haivunjwi mifupa, hutenganishwa kwenye viungo. Bi Kazija aliniweka kwenye mkeka mbele ya watu wote, akanipa kisu. "Una mikono ya saa wewe. Ukivunja mfupa mmoja, nakuvunja wako." Nilitenganisha mbuzi wawili kiungo kwa kiungo. Sikuvunja hata mmoja. Mtoto alilala mapajani mwa bibi yake muda wote, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Pamba alifungwa pembeni akitafuna majani ya mfenesi, uhai ameupata kwa sababu ya upungufu wake. Watu wa Mwera wakija Mjini siku hizi na kupita dukani kwangu, hushika masikio yao kwanza, ndipo wakanisalimu. Nimezoea. Hata nafurahi.

Lakini kuna jambo moja sikuwahi kulisema, si kwa Maalim, si kwa Zuhura. Nalisema hapa kwa sababu hunijui.

Jioni ile nilipomtaja punda, Bi Kazija aliporudi kutoka kwa Makame alinikuta nafunga baiskeli yangu mizigo. Alisimama mbele yangu na kuinamisha macho. "Mwanangu, niwie radhi," alinambia. "Nlipoliona lile sikio, mtu wa kwanza kumdhania moyoni mwangu ni wewe. Shetani tu. Nisamehe." Nami, mwenye mkasi mfukoni, nilimwambia: "Nimekusamehe, Bi Kazija." Nilisema hivyo! Kwa sauti ya upole kabisa!

Basi nyinyi mnaofuga siku za mapumziko kama mimi, nawaasa. Wanywesheni mbuzi dawa ya minyoo, nayo ipimeni vizuri; wetu wote walipona, na Pamba mwenyewe amenenepa. Lakini mnyama wa mtu si saa iliyoletwa dukani ukaifungua upendavyo. Mwenyewe akisema muache, muache, au kaa naye umueleze mpaka akubali. Na ukishakosea, sema palepale, hata kama damu inatiririka na mwenyewe anapiga kelele. Kelele zake utazivumilia. Usingoje mpaka uliyemdhulumu aje kukuomba msamaha.