Aje Tuagane

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikisikia watoto wakikariri tamathali za semi. Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi karibu na Tumbi. Nilikuwa nimeandika ubaoni istiari na tafsida, watoto wananitajia mifano kwa kelele, ndipo mjomba Yohana akabisha hodi. Alikuwa ametoka kijijini kwetu, Mzenga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Bibi yako amenituma. Anasema, 'Mwambie mjukuu wangu aje tuagane. Nahamia kwa mzee.'"

Bibi ndiye aliyenilea. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alitolewa kwenye shamba lake ng'ambo ya kijito, akapewa kiwanja kando ya barabara. Babu alizikwa kule shambani, na sote tulizoea kupaita "kwa mzee". Bibi hakuacha kusema kwamba atarudi. Basi nilifurahi, nikadhani wakubwa wa kijiji wamemkubalia.

"Mwambie asihame kwanza," nikasema. "Anisubiri shule zifungwe, nije nimsaidie kubeba vyombo."

Mjomba alinitazama. Watu wa kwetu hawapendi kutaja kifo cha mtu angali anapumua. Akavaa kofia yake, akaaga, nami nikarudi ubaoni kuwaeleza watoto tafsida ni nini.

Likizo ilipofika nilikwenda Mzenga na sukari na kanga mpya ya bibi. Nilikuta watu wamekaa mikekani uani. Shangazi alinipokea mzigo, akaniambia, "Pole," na hapo ndipo nikaelewa. Walikuwa wamemzika juzi yake, kule shambani, kando ya babu.

Nilimuuliza mjomba kwa nini hakunifafanulia.

"Nilidhani umeelewa," akasema, bila ukali. "Nikaona na wewe unajibu kwa fumbo, hutaki kulia mbele ya wanafunzi. Jibu lako nilimfikishia. Alitabasamu, akasema, 'Basi nimsubiri.' Uji alikuwa haugusi tena, lakini tangu siku ile akawa anakunywa japo vijiko vichache, na kila asubuhi anauliza kama shule zimefungwa."

Nililia hadi sauti ikakauka. Hilo la kunisubiri, mwanangu, ndilo linaloniuma mpaka leo. Kanga ile sikuivaa, wala sikumpa mtu.

Kujua kwamba hii ni istiari na ile ni tafsida kutakupa alama kwenye mtihani, na ni vizuri uzipate. Lakini maneno ya watu hayaji na majina yake yameandikwa pembeni. Mtu akikwambia jambo, tazama ni nani anayesema, ana umri gani, ana hali gani, na kwa nini amekuita leo. Usipoelewa, uliza, usione haya kuuliza hata kama wewe ndiye mwalimu. Na ukitumwa ujumbe mzito, ukishaufikisha kwa adabu yake, mvute mwenzako pembeni umwambie wazi, kwa sababu pengine muda uliobaki ni mdogo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio jepesi na moyo wa kuuliza, na kila anayekuita umkute angali na uwezo wa kukushika mkono. Amina.