Suruali ya Bwana Harusi

Jamani, mimi wifi ninaye! Ila msimcheke mbele yangu. Kumcheka wifi ni haki yangu peke yangu.

Ni fundi cherehani, na mikono yake haijui kutulia. Ukisimama karibu naye na pindo limefumuka, anakushona nguo ukiwa umeivaa. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu. Chumba cha nyuma anakaa mama yetu na maneno yake. Uani anakaa Bwana Harusi, punda dume ambaye wifi alipewa na baba yake siku alipoolewa. Watu huleta majike yao kwake, wapandwe, wazae.

Sasa, dirisha la duka linatazama uani. Siku moja bibi harusi mtarajiwa kaja kupimwa gauni, tena na mama mkwe wake, wamesimama na heshima zao. Mara Bwana Harusi akakumbuka udume wake, mchana kweupe! Binti akaangua kicheko, mama mkwe akajifunika uso, wifi akatamani ardhi ipasuke. Kufumba na kufumbua, akamshonea punda suruali. Ya blanketi zito, bitana ya turubai, mikanda ya kupita mgongoni, na mfuko mmoja.

"Wifi, mfuko wa nini tena?"

"Suruali bila mfuko si suruali."

Basi punda akawa anaivaa kutwa kucha. Alivuliwa tu siku jike likija.

Msimu ukapita, ukaja mwingine, hakuna jike lililoshika mimba. Wenye majike wakaanza kununa. Kaka yangu, mwoka mikate, akasema, "Ahasiwe, avute mkokoteni wa unga. Dume lisilozaa la nini?"

Mama akadakia kutoka chumba cha nyuma, "Nyumba hii ina kitu."

Tulijua anamsema nani. Wifi ameolewa miaka mingi hana mtoto, na hospitali amekwenda mpaka manesi wanamwita shoga. Kila mara wanamwambia yeye hana tatizo, amlete mume. Kaka? Hajakanyaga. "Mimi dume," husema, na mazungumzo yameisha.

Wifi akaweka mkasi chini. "Leo punda asiyezaa anahasiwa. Kesho mke asiyezaa atafanywaje?"

Siku hiyo sikucheka. Roho iliniuma, nikaenda mwenyewe kumwita daktari wa mifugo.

Akaja binti mchangamfu, mabuti makubwa kuliko yeye. Kwa heshima ya mgeni, wifi alikuwa ameshamvua Bwana Harusi suruali na kumwogesha akanukia sabuni. Daktari akamkagua meno, miguu, akampapasa korodani. Likaletwa jike la muuza maji, akakinga mbegu kidogo, akazitazama kwa hadubini juu ya meza ya cherehani, kati ya vifungo na uzi.

"Chache, na hizo chache zimelala fofofo. Aliugua homa?"

"Hata siku moja."

"Alipigwa teke?"

"Nani wa kumpiga? Thubutu!"

Daktari akakuna kichwa, akafunga mkoba, akaaga. Wifi, akijua kazi imekwisha, akamvalisha mtu wake suruali. Daktari, akiwa mlangoni, akageuka. Mkoba ukamponyoka.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Suruali."

"Anaivaa lini?"

"Uliza anaivua lini."

Daktari alicheka mpaka akakalia ndoo. "Mama, umezichemsha! Korodani hukaa nje zipate ubaridi, mbegu hazitaki joto." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini sidhani walimfikiria punda.

Kaka alikuwa amesimama pale na unga kwenye nyusi. Akauliza taratibu, "Ni joto tu?"

"Joto, homa, jeraha, maradhi. Dume naye huumwa, baba. Ndiyo maana hupimwa wote wawili."

Kaka akakohoa, akarudi kwenye tanuri lake.

Suruali ikavuliwa, Bwana Harusi akaachiwa upepo na udume wake, na dirisha likawekewa pazia, jambo ambalo lingefaa kufanywa tangu mwanzo. Miezi ikapita. Jike la muuza maji likapandwa tena, daktari akaja kulipima.

"Ana mimba!"

Weee! Wifi alipiga vigelegele, akamkumbatia punda, akamkumbatia muuza maji, akanikanyaga mimi. Nilicheza na futi ya kupimia shingoni mpaka kiatu kikaruka juu ya bati. Kaka peke yake hakucheka. Alivua aproni yake polepole, akaikunja.

"Mke wangu, funga duka."

"Kuna nini?"

"Twende hospitali. Safari hii nipimwe mimi. Nilipaswa kuanza mimi, tangu zamani."

Wifi akacheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa ile suruali ya punda. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, mama akatoka. Nikajua leo moto utawaka. Akamkaribia wifi, akaipokea kamba ya Bwana Harusi mkononi mwake.

"Nendeni, wanangu," akasema. "Huyu nitamlisha mimi."